Kutunza msitu mdogo wa pwani: mwongozo kwa vikundi vya kujitolea

Vikundi vingi huanza na miche. Hununua miche, huita watu, hupiga picha, na kaskazi ikivuma miche yote imekauka. Msitu wa pwani, kuanzia Kilifi na Kwale nchini Kenya hadi Pugu na Kazimzumbwi nchini Tanzania, unajua kujipanda wenyewe. Ndege, popo, tumbili na upepo wanaifanya kazi hiyo kila siku. Taabu yake ni vile vinavyozuia mbegu iliyokwisha kuanguka isiote, au mche uliokwisha kuota usikue: magugu ya kigeni, moto, mbuzi, wachoma mkaa, na mitego inayomaliza wanyama wanaobeba mbegu. Ndiyo maana kupanda kumewekwa karibu na mwisho wa mwongozo huu.

Ruhusa kabla ya panga

Kila msitu una mwenyewe. Kenya, msitu wa serikali uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), na sheria ya misitu ya 2016 inawapa wakazi nafasi ya kushiriki kupitia chama cha msitu cha jamii, ambacho wengi hukiita CFA tu. Kama chama kipo, msiunde kingine cha kushindana nacho. Jiungeni, ili kazi yenu iingie katika mpango wa usimamizi. Wanyama wa porini wako chini ya Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) hata wakiwa nyuma ya nyumba yako. Tanzania, ulizeni kwanza kama msitu ni wa serikali kuu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), wa halmashauri, au wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuusimamia kupitia kamati ya maliasili, na hapo barua yenu inaanzia ofisi ya kijiji.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: eneo gani, kazi gani, zana gani, siku na saa, idadi ya watu, na nani msimamizi. Nakala ibebwe msituni kila siku ya kazi. Mtu mwenye panga kichakani bila karatasi hana tofauti na mkata miti machoni pa askari, na askari hana kosa.

Msitu ukiwa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, wazee wa kaya ndio wa kwanza kuonwa, kabla ya ofisi yoyote. Kaya zilianza kutangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa mwaka 1992, na kadhaa ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini mwongozo wa huko ni wa wazee: njia ipi inapitwa, wapi hapafikiwi, nini hakiguswi. Katika kaya nyingi hata tawi lililoanguka halitolewi. Msije na ratiba yenu ya kung'oa magugu mkadhani mzee anayewakatalia haelewi ikolojia. Msitu ule umesimama mpaka leo kwa sababu ya kukataa kwake.

Gaweni eneo, kisha anzieni pazuri

Zungukeni mpaka kwa miguu, mkichukua alama za GPS kwa simu kila mnapokata kona. Kisha gaweni eneo katika vipande vya mita 20 kwa 20, mtie alama kwenye pembe kwa vigingi vilivyopakwa rangi. Rangi kwenye gome la mti hai iepukwe, na misumari isitumike kabisa. Kila kipande kipewe namba na maelezo ya mistari miwili: magugu mengi, kiasi au machache; miche ya asili ipo au haipo; mapito ya wanyama; visiki vipya; majivu.

Hapo ndipo vikundi hukosea mara ya pili. Huchagua kipande kibaya kuliko vyote, kile kilichofunikwa na lantana, gugu la kigeni linaloelezwa hapa chini, kutoka barabarani hadi ndani, kwa sababu ndicho kinachoonekana. Fanyeni kinyume. Anzieni penye msitu mzuri na lantana chache, msafishe, kisha msogee nje polepole kuelekea pabaya. Sababu ni kivuli. Lantana hupenda jua, kwa hiyo ukiing'oa chini ya miti iliyofunga vizuri, miti inakusaidia kuizuia isirudi. Ukifungua uwanja mkubwa wenye jua, mbegu zilizolala ardhini huamka zote pamoja, na mwaka unaofuata mna kichaka kipya kinene kuliko cha zamani. Ukubwa wa kipande upimwe kwa nguvu mtakayokuwa nayo ya kurudi. Siku ya kwanza watu huwa wengi siku zote.

Lantana

Inajulikana kwa shina la pembe nne lenye vijimiiba vilivyopinda, majani yanayokwaruza na kunuka ukiyafikicha, na vishada vya maua vinavyochanganya njano, chungwa na waridi. Matunda ni vidonge vya kijani vinavyoiva vikawa vyeusi. Ilitoka Amerika ya kitropiki, ikaletwa kama ua la bustani.

Kufyeka hakuiui. Nguvu ya kuchipua iko pale shina linapokutana na mzizi, na ukikata juu ya hapo unapata machipukizi matano badala ya shina moja. Moto nao huichangamsha, na huua miche ya asili iliyokuwa imejificha chini yake. Kuing'oa nzima kwa sururu kunafanya kazi kwa mche mdogo, lakini kwa kichaka kikubwa unapindua udongo mwingi na kuziamsha mbegu zilizokuwa zimezikwa. Njia nzuri kwa kichaka kikubwa ni ile iliyoendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi huko India: kata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa udongo, kisha pindua kichaka.

Fanyeni kazi wawili wawili. Wa kwanza anapunguza matawi ya pembeni kwa panga, kiasi tu cha kufikia shina. Kama kuna matunda mabivu, vishada vinakatwa kwanza na kutiwa kwenye gunia. Wa pili anakwangua majani makavu na udongo wa juu kwa mkono mpaka aone shingo ya mzizi, halafu anaukata kwa ncha nyembamba ya sururu kwa mapigo mawili matatu ya mshazari. Jembe pana halifai, maana linachimba shimo. Mizizi ya pembeni haina haja ya kufuatwa. Kisha wote wawili wanakiinua kichaka kwa mti mrefu wenye panda na kukilaza kichwa chini, mizizi ikitazama mbingu. Hatua hii ndiyo hurukwa watu wanapochoka, na ndiyo inayoharibu kazi: tawi la lantana lililolala juu ya udongo wenye unyevu hutoa mizizi likaanza upya. Vichaka vilivyopinduliwa virundikwe juu ya mawe au juu ya vingine vilivyokauka, wala visirundikwe juu ya miche. Gunia la matunda litoke msituni likafungwe na kuachwa juani mpaka kila kitu kioze.

Wakati mzuri ni udongo ukiwa bado laini na matunda hayajaiva. Kwa pwani hiyo ina maana wiki za mwanzo baada ya mvua kupungua, masika au vuli. Katikati ya kiangazi ardhi ni ngumu, mzizi unakatika juu mno, na kazi inakuwa ya bure.

Kurudi ni lazima. Mara ya kwanza, wiki chache baada ya mvua inayofuata, kung'oa kwa mkono miche ya lantana ikiwa haijapita kimo cha kiganja. Baada ya hapo kila miezi mitatu kwa mwaka mzima, kisha mara mbili kwa mwaka kwa miaka miwili zaidi. Angalieni sana chini ya miti ambayo shorewanda na ndege wengine walao matunda hupenda kutua. Hapo mbegu mpya hudondoshwa kila siku, na mduara wa chini ya mti kama huo huota lantana hata kipande kizima kikiwa safi.

Msisafishe vipande vinavyopakana kwa msimu mmoja. Ruka kimoja, safisha kimoja, kama bao la drafti. Lantana ni adui, lakini kwa sasa ndiyo nyumba ya paa na kanga wa porini, na ukiwaondolea maficho yote kwa wiki moja umewakabidhi kwa mbwa wa wawindaji. Kabla ya kupiga panga, pigapiga kichaka kwa fimbo na usikilize. Kukiwa na kiota chenye mayai au makinda, kichaka hicho kisubiri.

Mbuzi wasipewe majani yaliyokatwa. Lantana ina sumu inayoharibu ini, na mnyama aliyeila huungua ngozi akikaa juani.

Neno moja kuhusu upupu, kwa sababu ndio unaofukuza wageni kuliko nyoka. Maganda yake yakishakauka, nywele zake huruka kwa upepo na kuwasha vibaya. Mkiuona, pitieni upande upepo unakotoka, mikono mirefu, shingo imefungwa kitambaa. Aliyepatwa asijikune wala asijisugue. Nywele ziondolewe kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi, kisha ngozi ioshwe, na nguo zifuliwe peke yake.

Mwarobaini, suala gumu zaidi

Kung'oa lantana hakuna atakayekulaumu. Mwarobaini una watetezi, kwa sababu karibu kila nyumba ya pwani imewahi kuuchemsha. Hata hivyo asili yake ni Bara Hindi, na katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania unaenea kwa kasi: ndege, popo na nyani hula matunda yake, mbegu huota kivulini, na baada ya miaka michache chini yake hakuna kingine. Tofauti na lantana, kivuli hakiuzuii. Hilo ndilo linaloufanya uwe hatari zaidi katika msitu mzuri.

Kubalianeni na wanakijiji mapema: miti iliyo nyumbani, shambani na barabarani haiguswi, na inatosha kwa dawa ya kila mtu. Ndani ya msitu, miche iliyo chini ya kimo cha goti ing'olewe kwa mkono siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Shika chini kabisa, vuta polepole, mzizi mkuu utoke mzima. Ukikatikia ardhini, utachipua. Miti mikubwa haikatwi bila kibali cha maandishi, hata kama kila mtu anajua ni ya kigeni. Kibali kikipatikana, kuvua gome kunafaa kuliko kuangusha, kwa sababu mti unaoanguka huvunja mingine na kufungua jua. Vua gome mzunguko mzima, upana wa sentimita 30, ukikwangua mpaka mti mweupe mkavu, bila kuacha hata uzi mmoja wa gome la ndani unaounganisha juu na chini. Machipukizi yatatoka chini ya jeraha. Yavunjwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mti uchoke. Msiivue gome miti iliyo karibu na njia ya watu. Mti mkavu huangusha matawi bila taarifa.

Mitego

Kazi hii haifanywi bila askari wa wanyamapori au wa misitu. Mkikutana na aliyetega, kazi ya mtu wa kujitolea ni kuondoka. Msimhoji wala msimpige picha.

Watu wanane hujipanga mstari mmoja, mita 5 kati ya mtu na mtu penye kichaka kizito, hadi 10 penye uwazi. Askari hukaa katikati, na mwenye dira au GPS hukaa mwisho mmoja kushika mwelekeo. Mstari unasogea taratibu na kusimama pamoja kila mtu mmoja anapoita. Makosa ya kawaida ni mawili: mstari kujikunja kuelekea mahali penye njia rahisi, na watu kutazama juu kufuata ndege. Kinachotafutwa kiko chini ya goti.

Tafuteni vijia vyembamba vya wanyama, hasa mahali vinapopita kati ya miti miwili iliyokaribiana. Tafuteni uzio mfupi wa matawi usio na maana, wenye mlango mmoja mdogo: tanzi liko mlangoni. Mche uliopindwa ukafungwa kamba, ganda jipya lililochunwa kwa ajili ya kamba, ncha ya waya inayong'aa, vigingi viwili vya kimo sawa, vyote ni dalili. Mkipata mmoja msishangilie na kuendelea. Mitego hutegwa kwa safu, mingine iko mita chache kushoto na kulia. Zungukeni hapo mpaka safu iishe.

Kila mtego uandikwe kabla ya kutolewa: mahali, tarehe, aina (waya, nailoni, kamba, wavu, shimo), ulikuwa umetegwa au umefyatuka, na kilichonaswa kama kipo. Kisha toeni waya wote, mng'oe na vigingi, mfungue mche uliopindwa, mvunje uzio. Waya ukiachwa msituni unatumika tena kesho. Mashimo yafukiwe, yasifunikwe matawi. Waya uliokusanywa uhesabiwe mbele ya askari na kukabidhiwa kwake.

Mnyama aliyekufa mtegoni haguswi mpaka askari aseme, na nyama haiendi nyumbani kwa mtu yeyote. Kukutwa nayo ni kosa la jinai Kenya na Tanzania, hata ukiwa na nia njema. Mnyama aliye hai: kila mtu arudi nyuma, kelele zikome, askari aite daktari wa wanyama. Kama askari ameamua kumfungua paa papo hapo, nguo ya kumfunika macho humtuliza. Tumbili, nyani, mbwa na paka wa porini wasishikwe na mtu wa kujitolea hata kidogo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Asingoje kuona kama jeraha litavimba.

Msiende kila Jumamosi saa mbili. Ratiba inayojulikana humfundisha mwindaji siku ya kutega. Picha za mitego zikisambazwa, ziondolewe alama ya mahali zilipopigwa.

Miche iliyokwisha kuota, kisha ile ya kitalu

Kipande kikishasafishwa, subirini mvua moja kabla ya kufikiria kupanda. Pitieni kwa magoti na mhesabu miche ya asili. Katika mita 20 kwa 20, mkikuta miche hamsini au zaidi ya miti ya msitu, imesambaa na si ya aina moja tu, msipande chochote. Kila mche utiwe kijiti kando yake ili usifyekwe kwa bahati mbaya, na nyasi ziondolewe kwenye mduara wa nusu mita kila upande. Nyasi ndefu za katikati msizifyeke. Zilazeni kwa kukanyaga ubao mpana uliofungwa kamba mbili za kushika mkononi. Nyasi iliyofyekwa huchipua upesi, ile iliyolazwa hujifunika yenyewe na kuchelewa kuinuka. Mbinu hiyo imetumika sana Ufilipino, na ubao hauna gharama.

Palipobaki uwazi mtupu ndipo kitalu kinapohitajika. Mbegu zitoke katika msitu huohuo au wa jirani, kutoka miti kadhaa iliyoachana, si mti mmoja mkubwa wa barabarani. Robo ya mbegu ikusanywe, iliyobaki ni chakula cha wenyewe.

Kila mbegu ina tabia yake. Mbambakofi, ambao Watanzania wengi huuita mkongo, una mbegu nyeusi yenye kofia ya rangi ya chungwa. Kofia hiyo itolewe, mbegu ilowekwe usiku kucha, na kitalu kifunikwe wavu wa waya kwa sababu panya huzifukua. Mkwaju humiminiwa maji yaliyochemka na kuachwa humo yapoe, siku nzima. Mkuyu usihangaike na mbegu: pandeni tawi la unene wa mkono mwanzoni mwa masika, na kama nafasi ni moja tu, uwe mkuyu, kwa sababu matunda yake huita kila mlaji wa matunda aliye karibu na kila mlaji huja na mbegu za kwingine. Mvule una miti dume na jike, basi msimlaumu dume kwa kutozaa. Tunda bivu lilowekwe, lipondwe, lichujwe, na mbegu ndogo zikaushwe kivulini na kusiwa mapema, kwani hazidumu. Mvule uliopandwa kwa safu juani hushambuliwa na kidudu kiitwacho Phytolyma, kinachovimbisha machipukizi hadi yaoze. Tawanyeni miche yake kati ya miti mingine, penye kivuli chepesi.

Udongo wa viriba, yaani vifuko vya plastiki vya miche: sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga, moja ya mboji iliyoiva. Udongo wa juu usichotwe ndani ya msitu mnaoutunza. Kiriba kiinuliwe kila baada ya wiki chache ili mizizi inayotoboa chini ikatike ingali michanga. Mwezi wa mwisho punguzeni maji na kivuli hatua kwa hatua. Mche uliodekezwa kitalu hufa wiki ya kwanza ya jua, na watu huilaumu mvua.

Pandeni mvua ikiwa imelowesha udongo kina cha kama sentimita 30, mwanzoni mwa msimu, mwishoni mmechelewa. Shimo la sentimita 30 kila upande linatosha penye udongo wa msitu, 45 penye ardhi iliyokanyagwa. Udongo wa juu uwekwe kando na urudi wa kwanza. Kiriba kichanwe na kutolewa chote. Kuna miche mingi inayokufa mwaka wa pili ikiwa bado ndani ya plastiki, na ukiing'oa unakuta mizizi imejizungusha kama kamba. Shingo ya mche iwe sawa na ardhi, matandazo yakae mbali na shina upana wa kiganja. Nafasi ya mita 3 kwa 3 ni zaidi ya miche 1,100 kwa hekta, na hiyo ni kwa uwanja mtupu. Katika mapengo ya msitu miche kumi katika kipande kimoja mara nyingi ni mingi.

Moto

Njia ya kuzuia moto isafishwe kabla ya Januari, upana wa mita 4 hadi 6, mpaka udongo uonekane, upande wa mashamba na barabara. Warina asali wajulikane kwa majina na wahusishwe, maana moshi wao ndio chanzo kimoja kinachozuilika kwa mazungumzo. Moto ukishapanda kwenye miti, kikundi hakizimi. Kinapiga simu na kutoka nje kwa upande upepo unakotoka.

Mnachopaswa kuacha

Mti mkavu uliosimama usiangushwe isipokuwa unaelekea njia ya watu. Kigogota hutoboa humo, hondohondo huzibia jike lake humo, komba hulala humo mchana. Gogo lililolala libaki limelala. Majani makavu yasifagiliwe, hata siku ya kupokea wageni: njule, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hujenga kiota cha majani ardhini, na kwa jicho la haraka ni rundo la takataka tu. Arabuko-Sokoke ndiyo ngome ya njule mwenye makalio ya dhahabu. Hata Unguja, paa nunga hufuata kima chini ya miti akiokota majani na matunda wanayodondosha. Ukifagia chini au ukikata juu, umekata sahani yake.

Msilishe wanyama. Mbega hula majani, na tumbo lake huyachachua taratibu. Mkate na ndizi humwumiza. Kwa mbega wa Diani na Kwale kazi yenye faida ni ya matawi na nyaya: matawi yanayogusa waya wa umeme usiofunikwa huua. Andikeni mahali mnyama anapovukia na alipokufa, mpeleke kwa kampuni ya umeme na kwa Colobus Conservation, shirika ambalo tangu 1997 hutundika ngazi za kuvukia juu ya barabara ya Diani. Msipogoe karibu na waya wenyewe. Kata umeme kwanza ndiyo sheria, na anayekata ni fundi wa kampuni.

Hesabu na daftari

Chagueni mstari mmoja wa mita 500 usiobadilika. Mara moja kwa mwezi watu wawili au watatu waupite kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa nusu saa nzima, kimya, wakiandika kila mnyama na ndege, idadi, saa na umbali wa makadirio. Siku ya kutoona kitu iandikwe vilevile. Daftari lenye siku nzuri peke yake halina kazi. Mahali pawili patiwe kigingi cha picha: kila miezi mitatu, kimo kilekile, mwelekeo uleule.

Miche ihesabiwe baada ya miezi mitatu na tena baada ya kiangazi cha kwanza. Ikifa zaidi ya nusu, msipande mingine mpaka sababu ijulikane. Mche ulioliwa juu ni mbuzi, uliokatwa mshazari chini ni panya, uliokauka mzima na majani yake ni wa kuchelewa kupandwa.

Nakala ya daftari iende ofisi ya msitu kila robo mwaka. Kipande kilichopita masika mbili mfululizo, na lantana yote mpya ikamalizwa na watu wawili kwa mikono asubuhi moja, kitoke kwenye ratiba ya kurudi. Baada ya hapo kikaguliwe mara moja kwa mwaka, mvua zikisha.